Ushanga Wenye Usingizi Mzito

Ushanga ulisema Shamila ni mzima, na Shamila mwenyewe alikuwa haoni mlango.

"Somo, mbona mmefunga mapazia?" aliuliza.

Mapazia yalikuwa wazi. Jua la saa tatu lilikuwa limejaa kitandani pake, juu ya miguu iliyovimba hata vifundo havionekani. Bi Rukia Namtanga alifunua khanga kidogo, akatazama kiunoni. Ushanga ulikuwa umelala juu ya tumbo la miezi mitano kasoro, punje zake zikiwaka kijani, rangi ya mtu asiye na ugomvi na dunia. Akaufunika tena. Alikuwa mkunga wa kituo cha afya cha Litandu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kungwi wa mji huo, yule ambaye mabinti humwita somo, tangu mama yake aliposhindwa na miguu akamwachia kazi. Shanga za kijani alikwisha kuziona nyingi. Hii ilimtia baridi.

Alikwenda kwenye kabati la mashuka, akatoa kipimo cha presha cha zamani, kile cha mpira wa kupampu, alichokificha tangu vilipopigwa marufuku. Akaufunga mkono wa Shamila, akapampu, akasikiliza. Akarudia, maana mara ya kwanza hakutaka kuyaamini masikio yake.

"Mia sabini kwa mia moja na kumi na tano," alimwambia Daktari Ewalda Komba, aliyekuwa amesimama kwenye kizingiti na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa.

"Mkojo?"

"Protini tele. Kichwa kinamuuma tangu juzi. Na sasa macho."

Ewalda aliweka kikombe dirishani. Alikuwa mwanamke mrefu kutoka milima ya Umatengo, Mkatoliki wa kuamka na rozari, na hakuwa mtu wa maneno mengi. "Kifafa cha mimba kimeshapiga hodi," alisema kwa sauti ya chini. "Sindano ya kuzuia degedege nimemchoma, lakini hiyo inatununulia saa tu. Mtoto hajafika mahali pa kuishi nje. Akibaki ndani, wanakwenda wote wawili. Akitoka, anabaki mama."

Dawa ya kumtoa ilikuwamo mle mle ndani, katika kabati la chuma ukutani. Ewalda aliweka kiganja kwenye kioo chake kwa mara ya nne asubuhi ile. Sauti ya kike ikamjibu, laini, kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Mama yuko salama. Ruhusa haijatolewa. Asante kwa kulinda uhai."

Ile asante ndiyo iliyomuudhi Ewalda kuliko kufuli lenyewe.

Kumpeleka hospitali ya mkoa kusingesaidia kitu. Makabati ya huko nayo yalimsikiliza Mlezi, na Mlezi aliusikiliza ushanga.

*

Asije mtu akadhani shanga zililetwa kwa mabavu. Wanawake ndio waliozililia. Mama yake Shamila, Bi Fadina, aliongoza maandamano hadi makao ya wilaya akiwa amebeba khanga yenye damu ya binti yake mkubwa, Mwanahija, aliyefia uzazini na hakuna aliyejua kama alikuwa mgonjwa. Alisema mbele ya wakubwa: tupeni kitu kitakachotujua kabla hatujafa. Wakubwa wakasikia, na kwa hilo wastahili sifa. Mafundi wakatengeneza Mlezi, mashine moja kubwa iliyokaa mbali na kila mtu, na masikio yake yakawa shanga za viunoni. Walikuwa wajanja. Wangeleta bangili, wanawake wangezivua wakifua. Ushanga wa kiunoni hauvuliwi wala haulizwi habari zake na mgeni. Wakawakabidhi makungwi wamfunge kila binti atimizapo miaka kumi na minane, na kwa miaka ya mwanzo Mlezi aliokoa watu, tena wengi.

Kisha sheria ikaja ikaketi juu ya ushanga. Ilikwisha kusemwa kwamba mimba haitolewi ila mama akiwa hatarini. Sasa ikasemwa kwamba hatari ni ile anayoiona Mlezi peke yake. Kipimo cha mkono kikafutwa, kwa madai kwamba madaktari wanaandika presha za huruma. Ushanga ukiwa mwekundu, kabati hufunguka. Ukiwa kijani, halifunguki, na mimba ambayo Mlezi amekwisha kuiandika ikipotea, wakaguzi hubisha mlangoni.

Mafundi walijua kwamba miili ya watu haifanani, kwa hiyo waliufundisha ushanga kumpima mwanamke kwa kipimo chake mwenyewe. Siku saba za kwanza, ungekaa kimya kiunoni ukijifunza: joto lake, presha yake, mwenendo wa mwezi wake. Baada ya hapo ungejua lini amebadilika. Jambo zuri kabisa. Kosa lao lilikuwa moja tu, kwamba hawakumuuliza kungwi hata mmoja hufanyaje kazi yake.

Kule Litandu kungwi hamfungi mwari ushanga wa baridi. Huuvaa kwanza yeye, siku saba, akautia joto. Kisha huuhamisha ukiwa na moto wa mwili, kiuno kwa kiuno, bila kugusa chini. "Uchungu upite kwanza kwa mkubwa," ndivyo wanawake wa huko wasemavyo. Bi Rukia alifanya hivyo kwa shanga za bibi zao, na alipoletewa shanga za serikali hakuona sababu ya kubadili mila. Basi shanga zikamsoma yeye. Zikajifunza mwili wa mwanamke aliyekwisha kukoma mwezi, mwenye presha ya ukoo iliyompanda hadi mia sitini naye yuko jikoni anasonga ugali. Zikaondoka kwake zikidhani mwanamke ndivyo alivyo.

Hakujua, mpaka alipokuja Zabibu mwenye genge la mboga, ana mimba ya miezi mitatu na ushanga wake haujamwambia mtu. Akaja mwingine. Shanga zile, kwa vile hazikutarajia mwezi, hazikushtuka mwezi ulipokatika. Ziliamka tumbo likiwa limeshajaa. Katika miezi ile ya kimya mwanamke aliweza kukaa na mimba yake peke yake, akaamua. Wengi walizaa. Wengine hawakuzaa. Mmoja mimba ilikuwa ya mjomba wake. Mmoja alikuwa na watoto wanne na mume gerezani. Mmoja hakusema sababu, na Bi Rukia hakumuuliza. Alimpa vidonge vya magendo, vinavyofaa mimba changa tu, akamchemshia uji, akakaa naye mpaka alasiri. Mjini hawakuambiana kwa sauti. Walisema tu kwamba shanga za Bi Rukia zina usingizi mzito, na mama mwenye binti alikuwa akivuka mitaa mitatu kumleta kwake.

Alijivunia usingizi ule. Hakuwahi kufikiria kwamba mlinzi anayelala hawaoni wageni unaowaficha, lakini pia hauoni moto nyumba ikiungua.

*

Bi Rukia aliwaambia wawili, Ewalda na Bi Fadina, katika chumba cha kufulia, mlango umerudishwa. Aliyasema yote kwa mfululizo akitazama beseni.

"Ndiyo maana ni kijani," alimaliza. "Kwa ushanga ule, mia sabini ni mimi nimepanda kilima. Hauwezi kumwona. Unaniona mimi."

Bi Fadina alikuwa ameshika ukuta. Ewalda ndiye aliyesema kwanza. "Basi piga simu idarani. Sasa hivi. Waambie ushanga ulifundishwa mwili mwingine, waufute, ujifunze upya."

"Wakiufuta huu, watafuta zote zilizopita mkononi mwangu. Jina langu liko kwenye kila moja. Halafu Mlezi atarudi nyuma, arudie hesabu zote kwa miili ya kweli, na kila mimba aliyoipitia amelala ataiona. Na kila iliyoishia njiani. Wakaguzi watakuwa hapa kabla ya swala ya Ijumaa, Daktari. Wale wanawake wanakwenda gerezani. Mimi sijali kwangu, mimi nimekula chumvi ya kutosha. Lakini wao waliniamini."

"Waende!" Bi Fadina alisema. Sauti yake ilikatika, akairudisha. "Waende, Rukia. Gerezani watu wanatoka. Mimi nimeshazika mmoja. Unataka nizike na huyu ili Zabibu auze mchicha wake kwa raha?"

Bi Rukia aliona kwamba yule mama alikuwa na haki. Na wale wengine walikuwa na haki vilevile. Aliona aibu kusimama kati ya haki mbili akiwa ndiye aliyezigombanisha.

"Somo." Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta. Ukuta wa kituo ulikuwa wa mbao, na Shamila alikuwa amepoteza macho, si masikio. "Njoo."

Walimkuta amegeuza uso kuelekea sauti zao. Bi Rukia aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Ushanga wangu uliulaza wewe?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulijua?"

"Wakati wa wako nilikuwa nimeshajua."

Mkono wa Shamila ulikuwa juu ya tumbo, ukizunguka polepole kama ulivyokuwa ukizunguka wiki zote hizo. Mtoto huyu alimtaka. Mume wake alikuwa migodini Tunduru akituma nguo ndogo moja moja kila lori lilipokuja, na jina walikuwa wamekwisha kulipata.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza. Hakusema kwa hasira, na hilo lilimuumiza Bi Rukia zaidi. "Ningekuja kupimwa kwa mkono tangu mwanzo. Ningejua nisiutegemee. Mimi nililala kwa amani, somo, kwa sababu ulikuwa kijani."

"Niliogopa siri itaenea."

"Siri ilikuwa mwilini mwangu." Alifumba macho yasiyoona. Kisha akasema, "Usiwataje. Zabibu ndiye anayenichukulia mwanangu wa kwanza shuleni. Usimtaje." Halafu akapapasa hewani. "Lakini sitaki kufa. Mama, uko wapi? Mimi sitaki kufa."

Bi Fadina akamshika, na Bi Rukia akainuka, maana miguu yake ilikuwa imejua la kufanya kabla ya kichwa.

*

"Leo Jumamosi," alimwambia Ewalda ukumbini. "Ushanga huipima mimba kila Ijumaa alfajiri tu, hautauliza habari za tumbo mpaka wiki ijayo. Presha inaipima kila dakika. Unajua miili miwili tu, wangu na wa Shamila; ukivaliwa na mwanamke mwingine yeyote, utashtuka kwamba mwili ni mgeni na utapiga kelele. Lakini mimi sitaushtua. Kwangu utakuwa umerudi nyumbani."

Ewalda alimtazama. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, na rangi ilimtoka. "Unataka uwe mwekundu kwa ajili yako."

"Presha yangu ikipita mia tisini na tano, ushanga utaona mama yuko hatarini. Kidonge cha leo sijakinywa. Kwenye droo ya upasuaji kuna ile sindano mnayompa mtu presha ikimporomoka mezani. Hiyo haina kufuli."

"Bi Rukia. Hiyo ni ya mtu anayezama. Wewe uko juu ya paa tayari. Unaniomba nikusukume."

"Nakuomba."

"Mishipa ya kichwa ikipasuka?"

"Utakuwa umeshika dawa ya Shamila mkononi, na utakwenda kwake kwanza."

Ewalda aliitoa rozari mfukoni, akaifumba kiganjani bila kuisali. "Unajua mimi kazi ile siifurahii," alisema. "Kila kabati likifunguka nakwenda kuungama. Padri ananiambia hili, moyo wangu unaniambia lile, na mimi nimekaa katikati miaka yote. Lakini sijapata kusoma mahali popote kwamba nisimame na funguo za mtu mfukoni nikimtazama anakufa. Na sasa wewe unataka nimdhuru mmoja kwa mkono wangu ili nimponye mwingine. Niliapa, Bi Rukia."

"Mimi sikuapa. Mimi nilisema tu: uchungu upite kwanza kwa mkubwa. Nimelisema kwa mabinti wa mji mzima, Daktari, na mpaka leo haujanipitia hata kidogo. Umepita kwao."

Ewalda akaenda kufungua droo.

Bi Fadina ndiye aliyeufungua ushanga. Vidole vilivyobeba khanga ya Mwanahija mbele ya wakubwa vilikifungua kifundo kiunoni mwa Shamila, vikaufumbata uzi mzima kiganjani usipoe, vikaupeleka kwenye kitanda cha pili, vikamfunga Bi Rukia. Ushanga ulimeta mara moja, kama unaokumbuka kitu, ukatulia. Kijani.

"Umenijua," Bi Rukia alisema, na kwa kitambo kidogo karibu acheke.

Kisha sindano ikaingia. Mwanzo hakusikia kitu. Halafu moyo ukaanza kupiga hatua ndefu, halafu ukakimbia, na masikio yakajaa mvumo. Ewalda alikuwa akipampu mpira na kutamka namba: mia themanini, mia themanini na nane. Rangi ikawa ya manjano. Bi Rukia alimkumbuka yule mwanamke ambaye hakusema sababu, akinywa uji kwa vijiko vidogo, na akafurahi kwamba hata leo hakuna aliyemuuliza. Mia tisini na sita. Kichwa kilimwuma upande mmoja, maumivu safi, kama mtu anayepasua kuni.

Ushanga ukawa mwekundu.

"Mama yuko hatarini," ilisema sauti laini ukutani. "Ruhusa imetolewa. Asante kwa kulinda uhai."

Kufuli likalia. Aliona mlango wa chuma ukiachia, akaona mkono wa Ewalda ukiingia ndani ukatoka na kisanduku cheupe, akaona Ewalda anageuka na kumtazama yeye, usoni, upande wa kulia, kwa hofu. Bi Rukia alitaka kujifuta mate. Mkono haukuja.

"Nenda," alisema, au alidhani amesema. Ewalda akaenda.

*

Shamila aliishi. Macho yalirudi siku ya pili, polepole, mlango kwanza, halafu nyuso. Mtoto alikuwa wa kiume. Bi Fadina alimvisha moja ya zile nguo ndogo, iliyomzidi mara mbili, wakamzika nyuma ya nyumba yake, na baba yake alipofika na lori alikaa pale siku nzima bila kula. Ushanga, ukiwa umerudishwa kwa mwenyewe kabla ya Ijumaa, uliandika ilivyotakiwa: mimba imekoma kwa ruhusa, mama salama. Hakuna mkaguzi aliyebisha mlango wowote mjini.

Bi Rukia alibaki na nusu ya mwili. Mkono wa kulia ulimlalia pajani, na maneno yalimtoka moja moja, kila moja likimgharimu. Tangu msimu wa korosho uanze, Shamila alikuja kila alasiri kumkanda mkono kwa mafuta ya nazi. Hakuwahi kusema asante, wala hakuwahi kusema nimekusamehe. Alikuja tu, na Bi Rukia hakudai zaidi.

Alasiri moja walibishiwa hodi. Mama mmoja wa mtaa wa juu aliingia na binti yake, Sikudhani, aliyekuwa ametimiza kumi na minane wiki ile, na kifurushi cha serikali kilichofungwa kwa karatasi ya fedha. Alikiweka pajani mwa Bi Rukia.

"Shikamoo, somo. Tumekuletea mwari. Uutie ushanga wake joto kama ulivyozoea." Akainamisha kichwa, akanong'ona, "Ule usingizi wako."

Bi Rukia alikitazama kile kifurushi kwa muda. Kisha alimtazama binti, ambaye tangu aingie hakuna aliyemsemesha.

"Wewe," alisema. "Kaa. Karibu."

Ilimchukua alasiri yote. Neno likimkwama, Shamila alilishika akalimalizia. Walimweleza kwamba ushanga ukitiwa joto na kungwi hulala, na ukilala hakuna atakayejua habari za mwili wake kwa miezi, na kwamba wapo waliopona kwa usingizi huo. Walimweleza kwamba ukilala hauamki hata kwa ajili yake; na Shamila akafunua mguu, akamwonyesha ngozi iliyotanuka ikabaki na mistari. Wakamweleza ushanga ulio macho humwokoa nani na humpeleka nani gerezani. Wakamtajia kipimo cha mpira kilichoko kwenye kabati la mashuka.

"Jamani, mtoto anaulizwa haya?" mama yake alifoka. "Kuna mwari anayeulizwa?"

Bi Rukia hakumwangalia. "Ulale," alimwambia binti, akipumzika kati ya maneno, "au uwe macho. Wako. Sema."

Sikudhani aliwatazama wote kwa zamu, mama yake aliyekasirika, Shamila na chupa ya mafuta, ule mkono uliolala.

"Lazima nijibu leo?"

"Hapana."

Binti alifikiri. Alikuwa na uso mkavu wa mtu anayepiga hesabu na hataki kudhulumiwa. "Somo, wewe ulipokuwa mwari, ulichagua nini?"

Mdomo wa Bi Rukia ulihangaika. Shamila aliinama amsaidie neno, lakini yeye akatikisa kichwa. Hili alitaka alitoe mwenyewe.

"Sikuulizwa," alisema.

Kisha kwa mkono wake mzima, wa kushoto, akakisukuma kifurushi kutoka pajani mwake hadi pajani mwa binti, bado kina baridi.